Bibi Amelala

Ukifika Lushoto ukamuulizia Mwalimu, utaulizwa Mwalimu gani, maana walimu tunao wengi kama mapeasi ya msimu. Lakini sema Mwalimu wa Gari, na hata mtoto wa chekechea atakunyooshea kidole: yule pale, mzee wa koti la kijani, anayekwenda kwa miguu. Ndiyo, kwa miguu. Mtu aliyefundisha nusu ya madereva wa milima hii hana gari wala pikipiki, na hapandi gari la mtu aliyemfundisha akahitimu. Ukisimama umpe lifti, anakuangalia juu mpaka chini, anakuuliza, "Wewe si mwanafunzi wangu?" Ukisema ndiyo, anasema, "Basi nakujua," halafu anaendelea na safari yake.

Alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani, sitasema. Nilishamuuliza mara tatu nikapata majibu matatu, na la tatu lilikuwa na simba ndani yake. Nitasimulia niliyoyaona mwenyewe kwa miaka kumi na minne, na zaidi nitasimulia siku niliyotumwa kwenda kumtahini. Mimi! Mimi niliyewahi kuliingiza gari lake kwenye kabichi za kanisa mbele ya mchungaji. Nilitumwa na fomu ya kurasa nne, kalamu mbili, na amri moja: asipofaulu, nichukue ufunguo palepale.

Kazi yake ilikuwa kuendesha gari la kliniki, lile jeupe la fowili linalopeleka wauguzi na mizani ya watoto vijijini, na kuwafundisha madereva wengine wa mradi huo wa kliniki. Fowili ni gari ambalo magurudumu yote manne yanavuta. Watu wa mjini wanadhani ukishakuwa nalo umemaliza mambo. Mwalimu alikuwa akisema hilo ndilo gari linalokwama mahali pabaya kuliko yote, kwa sababu lina nguvu za kukufikisha huko. La kawaida linakwama karibu na nyumbani, watu wakakuona, wakakucheka, ukala chakula chako cha mchana.

Wiki tatu za kwanza hukuligusa gari. Alikupa mfuniko wa sufuria. Ndio usukani wako, anasema, kamata. Ukiwa na mfuniko wako mkononi mnatoka pale sokoni, wewe mbele yeye nyuma, mnapanda kwa miguu kwenda Magamba, na kila kona unakata mfuniko, unapiga honi kwa mdomo, unataja gia uliyoingiza. Nilikuwa mhudumu wa kliniki wakati ule, mama wa mtoto mmoja, mtu mzima na heshima zangu. Nikapita mbele ya kina mama wenzangu wanaouza karoti nikisema pipii, gia ya pili. Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Nilimwambia Mwalimu nikiwa na machozi ya hasira kwamba ananidhalilisha kwa kuwa mimi mwanamke. Akaniambia, "Wanaume nawapa mifuniko ya masufuria ya harusi. Wewe nimekuhurumia."

Na kwenye tope alikuvua viatu. Unaingia mwenyewe kwanza, mguu mtupu, unapima. Tope likiishia kwenye kifundo, pita. Likifika nusu ya muundi, weka fowili kabla hujaingia, siyo ukishaingia ndio unaanza kuhangaika na vyuma. Likifika goti, geuza, nenda nyumbani ukale. Kuna kijana alimuuliza je, likifika kiunoni? Mwalimu akasema, "Basi umeshafika, tutakuletea chakula hapohapo."

Kidole gumba chake cha kulia kilikuwa kimepinda kama ndoano. Kila mwanafunzi alipewa hadithi yake kuhusu kile kidole. Mimi niliambiwa ni mkewe alikibana na mlango siku ya fungate. Mwenzangu aliambiwa ni nyoka. Ukweli ni kwamba zamani, kwenye barabara yenye mitaro ya magurudumu, tairi lilirushwa na jiwe, usukani ukazunguka peke yake kwa nguvu, na kwa kuwa gumba lilikuwa ndani ya usukani, likaenda nao. Ndiyo maana alitembea na ufito, na ukisahau tu unachapwa kwenye vidole: "Gumba nje! Unataka kula ugali kwa mkono upi?" Mpaka leo nikisukuma toroli sokoni gumba langu liko nje.

Kuteremka ndiko kulikomfanya asifanye mzaha kabisa, au tuseme alifanya mzaha wa namna nyingine. Mteremko mkali unashukwa kwa gia ya kwanza, ile nzito, mguu wa kushoto mbali na klachi, breki unaigusa tu, huikanyagi. Gari lenyewe linajizuia. Lakini mwanafunzi mgeni akiona bonde lile chini yake anakanyaga kila kitu kilicho mbele ya miguu. Basi ukikanyaga klachi kwenye mteremko, Mwalimu hakukugombeza. Alianza kuimba. Yeye ni besi wa kwaya ya usharika, na wimbo aliouimba ni wa maziko, ule wa kushusha jeneza. Aliuimba taratibu, kwa sauti nzito, akikutazama. Watu waliokuwa njiani walivua kofia. Mimi niliimbiwa mara mbili tu, na ya pili niliitikia kwa sauti ya pili kabisa, maana nilishakata tamaa.

Na mkono wake wa kulia, saa zote akiwa amekaa kiti cha mwalimu, ulikuwa juu ya breki ya mkono. Anaongea, anacheka, anamenya chungwa kwa meno, mkono uko pale pale. Sikuwahi kuuona umetoka. Alisema mwanafunzi anaendesha kwa macho na mwalimu anaendesha kwa mkono ule, na siku akiutoa ndio siku amemwamini mtu.

Sasa hizo kabichi. Nilitoka nje ya barabara kwa utelezi, chini ya Magamba, nikaingia kwenye shamba la kanisa mpaka gari likakaa kwa tumbo. Walikuwepo watu saba wanapalilia. Nikatoa kichwa dirishani nikapiga kelele, "Jamani, njooni mtusukume!" Hakuna aliyeinua jembe. Walinitazama kama mnavyomtazama mbuzi wa mtu mwingine. Mwalimu akazima gari, akaniambia, "Shuka ukasalimie." Nikamwambia gari linazama. Akasema, "Litakungoja." Nikashuka. Nikaenda kwa mmoja mmoja, shikamoo baba, shikamoo mama, onga mshi kwa Kishambaa, mvua zinaendeleaje, mtoto kapona? Huko nyuma nasikia gari linashuka kidogokidogo kwenye tope, bluup, kama mtu anayekunywa uji. Nilipommaliza wa saba, ambaye ndiye alikuwa mchungaji mwenyewe kavaa buti za mpira, wakaweka majembe chini, wakaja wote, na dakika tano hazikuisha tuko barabarani. Kabichi kumi na moja ziliharibika. Mchungaji alitupa na nyingine mbili tukale.

Lakini kitu kilichomfanya ajulikane kutoka Lushoto mpaka Mlola ni mtihani wake wa mwisho. Kwingine unatahiniwa na askari au mtu wa chuo. Kwa Mwalimu ulitahiniwa na mama mkwe wake.

Bibi yule alikuwa anakaa Mlola na alikuwa na woga wa gari usio na mfano. Alipanda gari kwa kushika kiti cha mbele kwa mikono miwili na kumtaja Mungu kwa majina yake yote, ya Kiswahili na ya Kishambaa. Siku ya mtihani unampakia Lushoto, nyuma, na kikapu cha mayai mapajani. Mwalimu anakaa mbele kushoto, uso dirishani, maana mkwe hatazamwi. Hata kioo cha ndani alikigeuza kikatazama paa. Kazi yako ni kumfikisha Bibi kwake. Bibi akisema neno njiani, hata "polepole, mwanangu," umeshindwa, rudi mwezi ujao. Bibi akilala, umefaulu. Hakuna alama hamsini wala sitini. Ama kalala, ama hajalala. Na kwa kuwa Mwalimu hakuweza kugeuka kumtazama mkwe wake, alisikiliza. Akisikia pumzi imebadilika anainua kidole kimoja, na wewe unajua, na hapo ndipo unapotaka kulia kwa furaha na huruhusiwi, kwa sababu utamwamsha.

Mimi nilishindwa mara tatu. Mara ya nne Bibi alilala kabla hatujamaliza msitu wa Magamba na alikoroma mpaka mlangoni kwake. Nikapewa cheti changu, karatasi ya daftari iliyokatwa vizuri kwa rula. Imeandikwa jina langu, chini yake: *Bibi amelala*. Halafu sahihi ya Mwalimu, na dole gumba la Bibi kwa wino wa bluu. Niliitia kwenye fremu. Nyumba nyingi huku utaikuta ukutani, pembeni ya picha ya harusi.

Niliibeba karatasi hiyo siku niliposhuka kwenda chuo cha udereva kutafuta cheti cha serikali. Karani aliniuliza kama nina mafunzo ya awali, nikaitoa. Jamani! Aliisoma, akaita mwenzake, mwenzake akaita jikoni. Ofisi nzima ilicheka. Nilisimama pale nimeshika mkoba wangu, nikasema kimoyomoyo, chekeni tu. Wiki ya pili tulipelekwa kwenye kilima cha mazoezi, na wale waliocheka wakaniona nikishuka bila kugusa klachi, magumba nje. Mwaka uliofuata wakaniajiri niwe mkufunzi.

Kwa hiyo mnaona nilipotokea. Sasa niseme alivyokuwa mtu wa kupingana na nafsi yake. Mwalimu alikuwa mwongo. Nasema kwa mapenzi lakini nasema. Alidanganya kuhusu umri, kuhusu simba, kuhusu kidole. Alimwambia mgeni mmoja kwamba kinyonga akivuka barabara toka kulia unatakiwa kushuka na kuomba radhi, na yule mgeni alishuka. Lakini ukimuuliza kuhusu barabara, hakudanganya hata siku moja. Ukimwuliza, Mwalimu, kule daraja linapitika? akisema linapitika, pita umefumba macho. Akisema halipitiki, hata uwe na mgonjwa, tafuta njia nyingine. Wauguzi walipanga wiki nzima kwa neno lake. Ndiyo maana lililotokea baadaye liliniuma vile lilivyoniuma.

Bibi alifariki miaka miwili iliyopita, kwa uzee wake, kitandani kwake, na Mwalimu aliimba besi ule wimbo wa maziko akashindwa kuumaliza. Toka hapo hakumhitimisha mwanafunzi hata mmoja. Ukimuuliza anasema, "Mtahini wangu amefariki." Walikuwepo wanafunzi sita, na wote sita wakabaki wanafunzi. Siku za kliniki mmoja wao ndiye anayeendesha, Mwalimu kakaa pembeni, mkono kwenye breki, anafundisha. Mmoja wa wasichana wale alianza kujifunza akiwa mchumba, akaolewa, akajifungua mapacha, bado anajifunza. Tulicheka sana. Tulisema mzee kawa mkali, anamlilia mkwe wake. Mimi mwenyewe nilisema hivyo.

Ndipo mradi ukatoa agizo: kila anayeendesha au kufundisha fowili awe na cheti cha chuo. Mwalimu alikuwa na leseni tu. Hakuwahi kuwa na cheti cha mtu yeyote, na nani angempa? Mratibu, kijana mpole wa mjini, aliniita akaniambia ni utaratibu tu, dada, hakuna ubaya. Nikamwomba amtume mwingine. Akasema wakufunzi wengine hawaijui milima. Kweli hawaijui, nami ninaijua kwa sababu ya nani?

Nilimkuta Mwalimu ofisini asubuhi, koti la kijani, kachana nywele kwa maji.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mtahini," akasema, na akasimama wima kama mtoto wa shule, mikono nyuma. Mfagiaji alicheka mpaka akaangusha ufagio.

Kabla hatujaanza alinivuta pembeni. Mzaha ulimtoka usoni, jambo ambalo nilikuwa nimeliona mara chache sana. Akasema, "Mwanangu, nikuulize kitu kimoja. Wakichukua ufunguo, mimi nitaamka asubuhi niende wapi?" Nilimwambia tufanye mtihani kwanza.

Tukaanza na karatasi. Aliniomba nimsomee maswali, yeye ajibu kwa mdomo, eti mwandiko wa mashine haumpendi. Nikamsomea. Kila jibu alilitoa kabla sijamaliza swali. Tulipofika kwenye "Gari likikwama kwenye tope, hatua ya kwanza ni ipi?" akasema, "Kusalimia." Mwongozo wangu ulitaka useme kuzima injini na kukagua magurudumu. Nilikumbuka kabichi. Nikampa alama zote, na chuo wakitaka kuniuliza waniulize.

Halafu macho. Nilikuwa nimebandika ukutani tangu jana yake ile karatasi ya herufi kubwa mpaka ndogo. Nikamsimamisha kwenye mstari, nikachukua fimbo nionyeshe herufi, na kabla sijaonyesha ya kwanza alikuwa ameshaanza. Alisoma safu zote mpaka ile ya chini kabisa ambayo mimi mwenyewe naisoma kwa kukunja uso. Hakukosea hata moja. Nilifurahi! Nilifurahi kwa haraka sana, nikaandika "vizuri" nikafunga fomu. Kuna sauti ndogo iliniambia mbona hakungoja fimbo. Sikuisikiliza. Hilo ni kosa langu na nalikiri.

Njia ya mtihani ilikuwa Lushoto, Magamba, mpaka Mlola. Ilikuwa siku ya gulio Mlola, na habari zilishatangulia kwamba Mwalimu leo anatahiniwa na mwanafunzi wake. Watu walikuwa wanatungoja.

Aliendesha, jamani, sijui niseme nini. Sijawahi kuona gari linapelekwa vile. Ukungu ulikuwa umekaa msituni Magamba na yeye alipita humo gia haijulikani ilibadilishwa saa ngapi. Alihesabu kona chini kwa chini, kumi na mbili, kumi na tatu, nikadhani anaimba. Kwenye shamba moja alipiga honi akainua mkono, "Onga mshi, mama!" Nikageuka kutazama. Ilikuwa sanamu ya kufukuzia ndege, imevalishwa kitenge. Nikacheka mpaka mbavu zikauma. Huyu mzee, nikasema, hata siku ya mtihani haachi vituko vyake.

Mkono wangu wa kulia ulikuwa juu ya breki ya mkono. Sikuuweka kwa kumshuku. Nimekaa kiti cha mwalimu, na mkono ulijiendea wenyewe kama alivyoufundisha.

Tukakata kona ya ishirini na mbili. Mbele yetu, katikati ya njia, kulikuwa na lundo la kokoto, lori zima, limemwagwa na watu wa barabara juzi yake. Kushoto ukuta wa udongo, kulia hakuna kitu, chini ni mashamba ya maharage mbali sana. Nikangoja apunguze. Hakupunguza. Nikamtazama usoni. Alikuwa ametulia, anatabasamu kidogo, anahesabu. Alikuwa anaangalia lundo lile na hakuwa analiona.

Ningeweza kusema. Neno moja tu, "Kokoto!" na angekwepa, na ningejifanya sijui nilichokijua. Sheria inasema mtahini haongei. Nikavuta breki ya mkono kwa nguvu zangu zote.

Gari likayumba, likazima. Kokoto moja iliporomoka ikagonga bampa.

"Ni nini?" akauliza.

"Kokoto, Mwalimu."

"Nyingi?"

"Lori zima."

Akafikiri kidogo. "Rangi gani?"

"Kijivu."

"Aa, kijivu," akasema, kama vile kosa ni la rangi.

Nililia, na nilikuwa na hasira. Nilimwambia umenidanganya. Akasema hakunidanganya, nilimuuliza herufi na yeye akanisomea herufi. Siku moja kabla alikuwa amekwenda ofisini kumsalimia mfagiaji, akasimama pua imegusa ukuta, akazikariri safu zote kama ubeti wa kwaya. Macho yalianza kuingia ukungu kabla Bibi hajafariki. Muuguzi mmoja alishamwambia ni mtoto wa jicho, inatibika hospitali, na yeye akamwambia atakwenda, na hakwenda, kwa sababu aliogopa wakimfunga kitambaa machoni ufunguo utapewa mwingine na hautarudi.

"Na kina mama wa kliniki?" nikamuuliza. Nilipaza sauti. Sijawahi kumpazia sauti mtu wa umri ule. "Na watoto wachanga?"

Akainua mkono kunizuia. "Sijabeba mama hata mmoja kwa miaka miwili. Unadhani wale sita ni wajinga kiasi hicho? Wote walishajua kuendesha mwaka juzi. Lakini nikiwahitimisha, nani ataendesha siku ya kliniki?"

Basi ndipo nikaelewa. Yule msichana wa mapacha, na sisi tuliokuwa tunacheka. Aliwaweka wanafunzi sita shuleni miaka miwili ili asimwage damu ya mtu, na ili asiseme. Alidanganya kila mtu kuhusu macho, lakini njia hakuidanganya. Hasira zikaniisha, ikabaki huruma, na huruma ile ilikuwa mbaya zaidi.

Nikanyoosha mkono. Alichomoa ufunguo mwenyewe. Aliushika muda, halafu akaniwekea kiganjani bila kunipapasa, palepale, kama anayeona.

Akashuka. Nikamtazama akilizunguka gari, mkono juu ya boneti, kisha taa, kisha bawaba za mlango, mpaka akafika upande wangu. Nikaruka kwenda kwenye usukani. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikuwa anapanda gari la mwanafunzi wake aliyehitimu. Alikaa, akavuta pumzi, akaweka mkono kwenye breki.

"Gumba nje," akasema.

"Yako nje, Mwalimu."

Nilirudi nyuma, nikaweka fowili, nikapanda na gurudumu la kushoto juu ya ukingo wa kokoto, nikapita. Alikuwa anahesabu. Ishirini na tatu. Ishirini na nne. Nilisikia anataka kusema kitu kwenye kona moja mbaya, akajizuia. Ishirini na tano. Halafu hesabu ikakoma, na kwenye mteremko wa kuingia Mlola, pale ambapo zamani aliniimbia wimbo wa maziko, nikasikia mkoromo.

Ninaujua mkoromo wake. Nimeusikia kanisani wakati wa mahubiri kwa miaka kumi na minne. Ni wa filimbi, unakatikakatika. Huu ulikuwa umenyooka, mzito, wa besi, unafuata kipimo. Alikuwa amefumba macho na anakoroma kwa makusudi kabisa, mzee yule, bila haya. Nilitaka kucheka. Ndipo nikatazama chini nikaona mkono wake. Ulikuwa umetoka kwenye breki, umelala pajani, umefunguka. Huo haukuwa unaigiza. Nikashuka mlima ule wote kwa gia ya kwanza machozi yananitiririka, na sikuyafuta, kwa sababu mikono ilikuwa kazini.

Gulioni watu walituzunguka hata sijazima gari. Waliona nani yuko upande gani. Mwalimu akajinyoosha, akapiga mwayo mrefu, akashuka, akafunga vifungo vya koti lake vyote.

"Vipi, Mwalimu?" mtu mmoja akauliza kwa uoga.

"Nimelala," akasema kwa sauti ya kwaya. "Tangu kona ya ishirini na tano. Nimelala fofofo."

Hakuna mtu Mlola asiyejua maana yake. Kina mama wakapiga vigelegele, mmoja akanivisha kitenge begani, wakanipongeza kwa kufaulu mtihani, mimi niliyekuja na fomu ya kumtahini. Yeye akaja karibu, akaniambia sikioni, "Jumatatu unipeleke kwenye hayo macho. Uendeshe wewe. Na wale sita wape karatasi zao."

Nilijaza fomu juu ya boneti. Niliandika ukweli: ameshindwa, macho, atibiwe, arudi atahiniwe upya. Nikamsomea neno kwa neno. Akasema vizuri, lete kalamu. Chini ya ukurasa kuna mistari miwili, wa juu sahihi ya mtahini, wa chini sahihi ya mtahiniwa. Akainama, pua inakaribia kugusa karatasi, akaweka sahihi yake kubwa kwenye mstari wa juu. Nilisaini ule wa chini, na mpaka leo sijui kama ni macho au ni yeye.